Kikohozi Katika Nyumba ya Kibamba

Kikohozi kilikuwa cha mwanamke. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Jambo ambalo sikuwa na hakika nalo, na ambalo liliniweka macho siku tatu mfululizo katika chumba changu cha Buguruni, ni kama nilikuwa na haki ya kukisikia.

Nilikuwa nimekodi nyumba kule Kibamba, kwa siku saba za Krismasi, na nilidhani ni tupu. Nasema nilidhani kwa sababu hakuna mtu aliyeniambia kuwa ni tupu. Hakuna aliyeniambia kuwa ina mtu pia, na pengo lile nikalijaza mwenyewe. Siku ya kuonyeshwa, mkataba ukiwa umeshatiwa sahihi, nilitembezwa na mwenye nyumba, mfanyabiashara wa Kiarabu mwenye duka karibu na soko la Buguruni, mtu mpole wa makamo. Tulipita ukumbi mrefu wenye sakafu ya vigae vyekundu mpaka tukafika kwenye mlango wa kijani uliofungwa. Nyuma ya mlango ule mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, mara mbili, kama cha mtu anayejizuia. Yule bwana hakugeuka. Alinyoosha kidole juu, akaanza kunieleza habari za dari kwa sauti kubwa kuliko dari ilivyohitaji.

Nami nikatazama dari.

Nilipolala kitandani ndipo maswali yalipoanza. Labda ni mtumishi. Lakini mtumishi kwa nini afichwe? Labda ni mgonjwa wa kifua, na mimi naleta watoto wadogo mle ndani. Labda ni mtu asiye na mahali pa kukaa, ameingia kwa mlango wa nyuma, na mwenye nyumba hajui. Lakini kama hajui, kwa nini alipaza sauti? Siku ya tatu nilifika hata kwa Mjerumani mmoja aliyeijenga nyumba ile zamani, nikajiuliza kama alikuwa na mke na kama huyo mke aliwahi kuondoka. Nilikuwa na digrii, miezi mitano tu tangu niipate, na nilikuwa nimelala chali nikimfikiria mzimu wa Kijerumani mwenye mafua.

Nyumba yenyewe ilitakiwa kwa sababu ya barua yangu. Nilipoanza kazi ya ualimu Dar es Salaam niliandika nyumbani Upare kuwa ninakaa mahali pazuri penye hewa. Hewa ilikuwepo. Chumba kilikuwa kimoja, kina kitanda cha kamba, meza, na vitabu vilivyopangwa sakafuni kwa sababu meza ilikuwa na mguu mmoja usioaminika. Lakini niliandika "mahali pazuri", na watu wa kwetu walisoma walivyosoma.

Baba mkubwa akajibu. Yeye ndiye kaka wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea na kunisomesha; kila msimu wa kahawa ukoo mzima ulichangia ada yangu, naye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuikusanya. Barua yake ilikuwa fupi. Krismasi hii watakuja kula kwangu. Bibi anataka kuiona bahari. Wamepata lori la jirani. Wako thelathini na mmoja, bila kuwahesabu wanaonyonya.

Niliisoma barua ile nimekaa kitandani, nikatazama kuta nne, nikaisoma tena.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenitajia nyumba ya Kibamba, kandokando ya barabara ya Morogoro, mahali ambapo lori likitoka Upare lingefika kabla hata ya kuingia mjini. Ilijengwa na Mjerumani aliyelima mpira. Baada ya vita vya kwanza mali za Wajerumani ziliuzwa, na baba wa yule mfanyabiashara akainunua pamoja na shamba, akang'oa mpira, akapanda minazi. Nyumba hakuigusa. Kuta zake zilikuwa nene kama urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, na sebuleni kulikuwa na mahali pa kuotea moto. Kuotea moto, Kibamba. Mbayuwayu walikuwa wamejenga ndani ya bomba la moshi, na inaelekea hakuna aliyewahi kuwasumbua.

Nilikwenda dukani na mkataba nilioutunga mwenyewe. Ulikuwa na vifungu kumi na vinne. Mwenye duka alivaa miwani, akausoma wote, huku wateja wakisubiri sukari.

"Mwalimu," akasema, "unakodi nyumba siku saba, au mnagawana Afrika upya?"

"Ni vizuri mambo yawe wazi, bwana."

"Kweli. Kifungu cha tisa hiki ni cha popo?"

"Nimesikia nyumba za zamani zinakuwa na popo."

"Wako. Hawatawadai kitu."

Nilimuuliza habari za nyoka, za kina cha kisima, za paa kama linavuja upande wa mvua, za ufunguo kama ni mmoja au miwili. Alijibu yote. Mkataba ulisema nakodi vyumba sita, ukumbi, sebule na ua. Ua niliusisitiza, kwa sababu watu thelathini na mmoja hawawezi kupikiwa ndani. Nakumbuka kalamu yake ilisimama kidogo kwenye neno hilo. Nilidhani wino umekauka. Kisha akatia sahihi, tukashikana mikono, na mambo ya kodi yakaisha palepale bila maneno.

Nilimuuliza yote hayo. Sikumuuliza nani anakaa ndani.

Siku ya nne baada ya kikohozi nilimwendea mama mwenye nyumba wangu, Mzaramo mwenye ulimi, aliyekuwa barazani anapepeta mchele. Nilianza kwa mbali.

"Mama, ikiwa mtu amekodi nyumba, halafu ndani kuna mtu anakohoa..."

"Anakohoa nini, damu?"

"La. Anakohoa tu."

"Kwani wewe ulitaka akohoe vipi?"

Nikamweleza ni nyumba gani. Ungo ukasimama.

"Ile ya Kibamba? Ya huyu wa dukani?"

"Hiyohiyo."

"Mwalimu, na macho yako yote hayo manne. Babake si amekufa mwezi wa tisa? Si siku ile njia nzima ilijaa watu wa mazishi, ukapita na baiskeli yako ukaniuliza harusi ni ya nani?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimewapigia kengele ya baiskeli wanipishe.

"Basi mkewe yuko eda," akasema, akaanza kupepeta tena. "Alifiwa kulekule shamba, na eda anakalia kulekule. Miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hatii manukato, haonwi na mwanaume ambaye si wa damu yake. Huyo ndiye kikohozi chako."

Nikahesabu vidoleni. Ingekwisha katikati ya mwezi wa kwanza.

"Sasa mbona mwanawe hakuniambia?"

"Akwambie nini? Akutajie mamake, wewe mgeni, mwanaume, mbele ya gunia la sukari? Na wewe mbona hukumuuliza?"

"Nitamuulizaje mtu kama ana wanawake ndani?"

"Ee." Akaupiga ungo kwa kiganja, makapi yakaruka. "Mmeheshimiana mpaka mmemkodisha mjane."

Alicheka sana, kisha akaacha kucheka akaniuliza watu wanatoka Upare lini. Nikamwambia. Akasema, "Haya," akarudia mchele wake.

Ningeweza kumaliza jambo asubuhi ile kwa sentensi moja. Badala yake nilikwenda dukani mara tatu kwa siku mbili. Mara ya kwanza nilinunua kiberiti. Mara ya pili nilinunua sabuni, kwa sababu kulikuwa na watu. Mara ya tatu hapakuwa na mtu, naye akanikaribisha kahawa, nikaona hii ndiyo nafasi.

"Bwana, na ule upande wa nyuma?"

"Upande wa nyuma ni wetu."

"Haumo katika mkataba."

"Haumo."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo haumo, mwalimu. Kahawa yako inapoa."

Nilikunywa. Nilimtazama usoni nitafute aibu, au hasira, au ombi, nikaona mtu anayeninyooshea sahani ya tende. Mpaka leo sijui alifikiri nini. Pengine alidhani najua, maana Buguruni nzima ilijua. Pengine aliona mlango wa kijani unatosha. Pengine alimuuliza mama yake kwanza, naye akakubali, na neno la ua likamjia wakati kalamu imeshagusa karatasi na ikawa vigumu kumrudisha nyuma mwalimu mwenye vifungu kumi na vinne. Nilikwenda nyumbani na kipande cha pili cha sabuni, nikiwa sijui zaidi ya nilivyojua.

Lori lilikuwa linaondoka Same Jumatatu, walale njiani, wafike Kibamba Jumanne alasiri. Jumatatu hiyo asubuhi nilipanda basi la Morogoro nikashuka Kibamba, nikapanda kijilima mpaka kwenye nyumba. Ufunguo wa mbele nilikuwa nao. Nilipiga hodi kwenye nyumba niliyoikodi, na sauti ikaniitikia kutoka ndani.

"Karibu. Ingia ukumbini, lakini ukae hapo hapo. Usisogelee mlango."

Nilikaa juu ya sanduku la mbao, mlango wa kijani ukiwa hatua kumi mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye watu thelathini?"

"Thelathini na mmoja, mama."

"Na mmoja," akasema, kana kwamba huyo mmoja ndiye atakayeleta tabu.

"Pole na msiba."

"Tumeshapoa. Ni amri ya Mungu."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ndani ya basi, yakaondoka yote. Nikasema tu kwamba sikujua.

"Najua hukujua. Mwanangu alinambia, mpangaji kauliza habari za popo, habari za watu hakuuliza. Nikasema, huyo ama ana adabu sana ama ni mwehu."

"Naweza kuufuta mkataba, mama."

"Na hao watu?"

"Wametoka kwao asubuhi hii."

"Basi utafuta karatasi. Watu utawaweka wapi?"

Nikamuuliza, na nilijiona jasiri kuuliza, kama yeye mwenyewe angependa waje au wasije.

"Mie niko eda, baba. Mjane hapendi wala hachukii. Anakaa." Akakohoa, kile kikohozi. "Miezi mitatu na kitu nasikia nazi zikianguka. Siku hizi kwa kishindo tu nakwambia imetoka mti gani. Mtoto akilia humu ndani sitakufa. Mwanamke akija kunisalimu nitashukuru."

"Ndiyo, mama."

"Lakini kisima kiko uani. Choo kiko uani. Ninaye bibi mmoja wa kunisaidia, naye mtu mzima kama mie, hawezi kunibebea kila kitu kwa ndoo siku saba. Mwanangu hakufikiri hayo. Mwanaume akifikiria nyumba anafikiria milango."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mie nimesema."

Alikuwa amesema nini? Nilitoka nje nikasimama juani nikijiuliza. Hakunifukuza. Hakunikaribisha pia, ila watoto na wanawake, hao aliwakaribisha. Au alikuwa anaongea tu kwa upweke, nami nageuza kila neno kuwa sharti? Kwetu mlimani mtu akitaka kukataa hukataa. Pwani nilikuwa nimeshaona mtu akikataa kwa kukumiminia kahawa. Je, hii ilikuwa kahawa?

Nikafungua daftari, nikagawa ukurasa kwa mstari katikati. Upande mmoja niliandika yatakayotokea nikiwaingiza wote ndani. Upande wa pili niliandika yatakayotokea nikiwazuia. Pande zote mbili neno la kwanza lilikuwa aibu. Nikalifunga daftari.

Nilizunguka shamba. Chini ya kilima, pale njia ya kwenda kwenye nyumba inapoachana na barabara, kulikuwa na ghala la mbata, zile nazi zinazokaushwa kwa ajili ya mafuta. Mavuno yalikuwa yameshauzwa. Lilikuwa kubwa, kuta za mabanzi, paa la makuti lililo zima, na ndani lilinuka mafuta matamu yaliyoanza kuchacha. Wanaume wa kwetu walikuwa kumi na wawili. Wangeenea. Kutoka hapo ua wa nyumba hauonekani.

Wazo lilikuja lenyewe, na mara moja likaniogopesha kuliko kikohozi. Kwetu mkubwa wa ukoo ndiye anayeingia kwanza katika nyumba ngeni. Huingia, akafungua kila mlango, akasalimu kila chumba, ndipo wengine wakaingia nyuma yake. Baba mkubwa hajawahi kuuacha mlango umefungwa katika nyumba yoyote. Angefika kwenye ule wa kijani kabla sijamaliza kusema shikamoo. Na mtu huyu, aliyenibebea ada yangu ndani ya mfuko wa koti lake kutoka nyumba hadi nyumba, ndiye nimwambie kwamba wanawake na watoto watalala katika nyumba ya Mjerumani na yeye atalala ghalani. Nimwambie mimi, ambaye mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kumkatalia hata kipande cha muhogo.

Nililala mle ghalani ili nione kama panalalika. Panalalika, kama mtu hajali panya. Lakini kulala kwangu hakukuamua lolote; nilijiambia kwamba bado ninafikiri. Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta fagio la chelewa limeegemezwa ukutani na mikeka imekunjwa, rundo zima. Sikumwona aliyeileta. Nilihesabu mikeka. Ilikuwa kumi na miwili, mmoja wao mpana zaidi, mpya, wenye ukili wa rangi.

Nilisimama pale nikiutazama ule mpana. Idadi ya wanaume sikumbuki kumtajia. Labda nilitaja. Labda alikisia. Labda yule bibi msaidizi alileta mikeka yote iliyokuwepo, na mimi nasoma barua mahali pasipo na barua. Hata hivyo nilishika fagio. Nilifagia makumbi na vumbi mpaka sakafu ya udongo ikaonekana, nikatandika, na ule mpana nikauweka mbali na mlango, mahali pasipovuja.

Alasiri nilisikia wimbo wa kanisani kabla ya kulisikia lori. Nilikuwa nimekaa kwenye kisiki kando ya njia, na nilikuwa bado nina nafasi ya kuliacha lipite. Nakumbuka hilo wazi. Ningeweza kukaa tu, lori lipande kilima, mambo yawe yatakavyokuwa, na baadaye niseme sikuwahi. Mtu anayefikiri sana ana njia hiyo siku zote: kuendelea kufikiri mpaka jambo lijiamue.

Niliinuka nikasimama katikati ya njia, mkono juu.

Lori likafunga breki, wimbo ukakatika. Baba mkubwa alikuwa mbele karibu na dereva, amevaa koti lake zito la mlimani katika joto la Kibamba, jasho likimtiririka shingoni.

"Mbona umesimama njiani kama askari?"

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nyumba iko wapi?"

"Ile pale juu."

Akaitazama. Paa lilionekana, na lile bomba la moshi. Nikamwona anaridhika, na hilo likanizidishia hofu.

"Kubwa," akasema. "Sasa mbona hatuendi?"

"Wanawake na watoto wataendelea. Sisi wanaume tunashuka hapa."

"Hapa wapi?"

Nikaonyesha. Akaliangalia ghala kwa muda, kisha akaniangalia mimi.

"Hilo ni banda."

"Ni ghala, baba mkubwa. La nazi kavu. Nimelifagia."

Nyuma, juu ya mizigo, mmoja wa baba zangu wadogo akasema kwa sauti ya kusikika, "Digrii hiyo. Tumeuza kahawa miaka yote, tuje tulale na nazi." Watu wakacheka, na wanawake wakacheka zaidi.

Baba mkubwa hakucheka. "Sema," akaniambia.

Nikasema. Nilisema vibaya, nikirudi nyuma na kurukia mbele, lakini nilisema yote: kwamba mle ndani kuna mama mjane, mumewe amefariki mwezi wa tisa, kwamba kwa dini yao hatakiwi kuonwa na wanaume wageni mpaka siku zake ziishe, wala hawezi kuhama, kwamba kisima chake na choo chake viko uani, na ua huo nimeukodi mimi, kwa kuandika mwenyewe.

"Ulijua tangu lini?"

"Nimejua kwa hakika siku ya tano leo."

"Barua isingefika. Simu ya posta ingefika."

"Ingefika."

"Kwa nini hukupiga?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Siku tano," akasema. Akatoa kitambaa akajifuta shingo. Hakuna aliyecheka tena. Hata dereva alikuwa ametazama pembeni. "Na mimi nikisema nalala kwenye nyumba niliyotolewa Upare kuja kulala?"

Nilikuwa nimetayarisha majibu mengi kwa swali hilo. Moja lilihusu desturi zetu wenyewe za msiba, moja lilihusu sheria, moja lilihusu mkataba. Nilitafuta hata moja, sikulipata.

"Nitakuomba usilale, baba mkubwa. Na ukikataa nitakuomba tena."

Akakikunja kitambaa, akakirudisha mfukoni. Sikujua kimya kile kilikuwa cha aina gani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sikungoja nijue. Nilikwenda nyuma ya lori, nikafungua ubao, wanaume wakaanza kushuka. Nikawaambia kina mama wabaki juu, nikawaambia kwamba wakifika wapige hodi ukumbini na wasubiri kuitikiwa, kwamba kuna mtu mzima wa kusalimiwa na anawangoja. Kisha nikalivuta sanduku la bati la baba mkubwa, lile lile nililokwenda nalo chuoni na kulirudisha, nikajitwika kichwani.

Lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka. Nililibeba mpaka ndani ya ghala, nikaliweka kichwani mwa ule mkeka mpana. Nyuma yangu lori lilianza kupanda kilima, na watoto wakaanza tena wimbo walikoachia. Nilikuwa bado nimeinama nikilisogeza sanduku lisiguse ukuta, nikasikia lori likisimama, mlango wake wa mbele ukifunguliwa na kufungwa, na fimbo ya baba mkubwa ikija polepole, ikigonga makumbi makavu niliyoyafagilia nje.